Mlango wa Sentimita Sabini

Tulimzika Baba Mdogo Makokha mwezi uliopita, Jumamosi, kule nyumbani upande wa Navakholo. Kijitabu cha mazishi kilisema mengi juu yake na mengi yalikuwa kweli: kwamba aliimba besi kanisani, kwamba hakuwahi kumnyima mgeni chai. Kisha nikafika ukurasa wa tatu, nikasoma kwamba alikuwa fundi stadi, na kwamba kati ya kazi zake za kujivunia ni nyumba ya kaka yake mkubwa, aliyoijenga kwa upendo kuanzia msingi hadi paa. Nyumba hiyo ni yetu. Nilikunja kijitabu nikatoka hemani, nikaenda kusimama nyuma ya jiko, pale akina mama walipokuwa wakisonga obusuma, ugali wa kwetu, kwa sababu nilijua nikiendelea kukaa nitasimama niseme.

Dada yangu Nanjala alibaki hemani na akalia. Alilia kweli, leso ikalowa. Mimi sikutoa chozi. Mama mmoja alinisogezea kiti na kikombe cha maji, akidhani nimezidiwa na majonzi. Kilichonizidi ni hasira, na haikuwa ya siku ile. Kwa vile sikuisema mbele ya jeneza, naisema hapa, kwa watu wa rika langu ambao nao walikuwa watoto katika nyumba ambazo mtoto akiona jambo huambiwa hakuona.

Nanjala ananizidi miaka miwili. Alizaliwa na uti wa mgongo ambao haukufunga vizuri, na miguu yake haijawahi kubeba mwili wake. Tulipokuwa wadogo tuliishi katika nyumba ya udongo ya vyumba viwili, yenye kizingiti kirefu cha kuzuia maji ya mvua. Ndani alitambaa kwa viwiko. Nje alibebwa na Mama, mgongoni, hadi alipofika umri ambao miguu yake iliburuta chini na Mama akaanza kutembea ameinama hata akiwa hajabeba kitu. Wahudumu wa kliniki walipompa kiti cha magurudumu tulidhani shida imeisha. Kumbe kiti kile kilikuwa kipana kuliko mlango wetu. Kililala nje chini ya mabati ya banda la kuni, na Nanjala alilala ndani, na kila asubuhi mtu alimbeba Nanjala akampeleka kwenye kiti chake.

Baba alikuwa dereva wa trekta za kuvuta miwa. Msimu mmoja alichoma tofali, akazirundika karibu na mgomba, akatangaza kwamba tutajenga nyumba ya kudumu. Mama alikuwa akichambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Safari hii kutakuwa na ramani," alisema.

"Ramani ya nini, na Makokha ni fundi?"

"Baba Nanjala, nimembeba huyu mtoto miaka kumi na mbili. Ramani itachorwa, na kiti chake kitapimwa."

Baba alikubali. Nataka nimtendee haki: alikubali siku ile ile.

Mama alitupeleka Kakamega mjini, kwa mama mmoja mchoraji aliyeitwa Madam Ayuma. Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya pili, na ngazi zilikuwa nyembamba. Mama alianza kuinama ambebe Nanjala, lakini Madam Ayuma alikuwa ameshatuona kutoka dirishani. Alishuka mwenyewe, na utepe wa kupimia shingoni kama fundi cherehani, akatuandalia ofisi pale barazani, kando ya mama aliyeuza matunda.

Hakumwuliza Mama maswali. Alimwuliza Nanjala.

"Ukitaka kugeuka, unageukanga aje?"

Nanjala aliona haya. Hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Akashika magurudumu akageuka, duara zima, na Madam Ayuma akamfuata na chaki akichora sakafuni mahali magurudumu yalipopita. Alipima duara lile. Alipima kiti kutoka ukingo wa gurudumu moja hadi wa jingine: sentimita sitini na nane. Alipima mahali mkono wa Nanjala ulipofika akinyoosha juu, akasema swichi za taa zitakaa hapo. Watu walisimama kututazama, na kwa mara ya kwanza Nanjala hakuficha miguu yake kwa leso.

Mimi niliuliza ramani ni nini. Madam Ayuma alinunua papai kwa yule mama wa matunda akamwambia alikate katikati, kwa upana.

"Tazama kutoka juu," aliniambia. "Ganda hili ni ukuta. Hapa penye uwazi ni chumba. Mbegu ni vitanda na viti. Ramani ni nyumba iliyokatwa hivi, ukaondoa nusu ya juu, ukachungulia kama ndege."

Tukala lile papai. Nikaelewa mara moja, kwa namna ambayo sijaelewa mambo mengi tangu siku hiyo. Alinionyesha kwamba kila sentimita moja kwenye karatasi ni mita moja shambani, na kwamba namba zote zimeandikwa kwa milimita. Mlango wa chumba cha Nanjala ulikuwa na 1000. Kwanza nilidhani hiyo ni idadi ya tofali. "Ni upana," alisema, akatanua mikono yake mbele ya kiti, gurudumu hadi gurudumu, kisha akaitanua zaidi. "Anapita, na vidole vyake haviumii."

Ramani ilipokuja nyumbani ilikunjuliwa mezani na kuwekewa vikombe pembeni isijikunje. Ilinukia amonia, harufu kali iliyotufanya tupige chafya, na tuliipenda. Kulikuwa na vitu ambavyo papai halikueleza. Kila mlango ulikuwa na robo duara kando yake, na mimi nikamwambia Nanjala kwamba hivyo ni vipande vya chapati, ishara ya nyumba yenye chakula. Yeye ndiye aliyegundua kwamba robo duara ni njia ya mlango ukifunguka. Mistari ya vitone iliyozunguka nyumba yote niliisoma kama njia ya siafu. Ilikuwa ukingo wa paa. Lakini kosa kubwa nililolifanya katika kusoma halikuwa hilo. Niliamini kwamba ramani ni amri. Niliamini kwamba kitu kikishachorwa na kupimwa na kupigwa muhuri, tofali hazina ruhusa ya kwenda kwingine.

Nilichukua majivu jikoni nikaichora nyumba yote uwanjani, kwa ukubwa wake halisi, kwa hatua na kamba. Nanjala aliishi humo karibu wiki mbili. Aliingia kwa mlango wa mbele kupitia mahali palipochorwa mteremko badala ya ngazi. Alipita koridoni, akaingia chumbani mwake, akageuka duara zima bila kugusa ukuta wa majivu. Kuku walipopita ndani aliwafukuza. "Huku ni kwangu," aliwaambia. Mimi nilibisha hodi kila mara, na mara nyingine alininyima ruhusa. Hakuwahi kuwa na mahali pa kumnyima mtu.

Ndipo kidonda kikamtoka nyongani, kile cha kukaa mahali pamoja, kikafika mfupani. Mama akampeleka hospitali Kisumu, na daktari akasema hawatatoka kwa wiki nyingi. Asubuhi waliyoondoka, Nanjala alinishika mkono kupitia dirisha la gari.

"Wewe ndiye unasoma," aliniambia. "Uangalie nyumba yangu."

Nikasema nitaangalia. Nilikuwa na miaka kumi.

Baba Mdogo Makokha alianza kazi Jumatatu iliyofuata. Alikuwa mtu wa kicheko kikubwa, na mafundi wake walimpenda. Baba alimkabidhi ramani kwa mikono miwili, kisha akapanda trekta lake akaenda kazini, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku. Saa nne Baba Mdogo aliitandika ramani juu ya rundo la mchanga akaikalia. Adhuhuri akaiwekea sufuria ya maharagwe. Nilimwona kwa macho yangu, kwa sababu siku hiyo ya kwanza sikwenda shule. Duara la masizi likabaki pale penye chumba cha Nanjala.

Vigingi vilipigwa, kamba zikavutwa, msingi ukapanda. Nilitoka shule mbio kila jioni nikakagua kama mkaguzi. Kuta za nje zilikuwa sawa. Nikafurahi. Nikaona mbele ya nyumba hakuna kitu cha mteremko, nikajiambia pengine hujengwa mwisho. Kisha wakasimamisha fremu za milango ya ndani. Zilikuja na mkokoteni, zote za aina moja, zimezeeka kidogo, na moja ilikuwa na rangi ya kijani upande mmoja. Mafundi walisema zilibaki kwenye kazi fulani ya vyoo vya soko. Nilichukua tepu ya kupimia iliyokuwa kwenye ndoo nikapima fremu ya chumba cha Nanjala. Sabini, mbao kwa mbao kwa nje. Nikapima ndani, mahali mtu anapopita. Sitini na nne.

Nilimwendea Baba Mdogo. Alikuwa akiangalia ukuta kwa jicho moja.

"Baba Mdogo, huu mlango ni mdogo. Ramani inasema mia moja."

"Inasema nini?"

"Elfu moja milimita. Ni mita. Kiti cha Nanjala ni sitini na nane, hakitapita."

Mafundi waliacha kupiga tofali. Baba Mdogo alinitazama, halafu akacheka kile kicheko chake, na wote wakacheka kwa sababu yeye amecheka.

"Sikieni injinia huyu! Mtoto, ramani ni ya kuonyesha watu wa ofisi. Mimi najenganga kwa macho. Nyumba zote unazoona kutoka hapa mpaka barabarani, ni macho haya. Umewahi kuona moja ikianguka?"

"Hakuna aliyesema itaanguka. Nimesema hatapita."

"Atabebwa. Kwani sasa habebwi?"

Sijasahau neno hilo, na maji yote ya mto Nzoia hayawezi kulisafisha. Kwani sasa habebwi.

Baba alirudi jioni, uso mwekundu kwa vumbi la barabara. Nilimkimbilia nikamweleza yote, namba kwa namba. Akaniambia nilete ramani. Aliikunjua juu ya tofali, akaishika, na mafundi wakanawa mikono polepole ili wasikie. Baba hakuwa mjinga. Alisoma Biblia kila usiku, na aliweza kufungua injini ya trekta na kuirudisha bila kubakiza nati. Aliitazama ramani kwa muda mrefu, akaizungusha, akafuata maandishi ya pembeni ambayo yameandikwa kwa kulala, akaweka kidole.

"Huu si ndio mlango wa mbele? Mbona naona ni sawa?"

Kidole chake kilikuwa kwenye dirisha la jikoni.

"Baba, hapo ni jikoni," nilisema.

Ningejua ningenyamaza? Nimejiuliza mara nyingi. Uso wa Baba ulibadilika, na wakati ule nilidhani amekasirika kwa sababu nimekosea. Nilirudi kuiangalia ramani ili nione kosa langu. Sikuliona. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba mtu mzima anaweza kukasirika kwa sababu hujakosea.

"Makokha," Baba alisema, bila kunitazama, "kazi iko sawa?"

"Iko sawa, kaka. Huyu anasomanga sana, kichwa kinamsumbua."

"Basi. Wewe, mwombe baba yako mdogo msamaha."

Ninaitwa jina la nyanya yangu, mamake Baba, na kwa sababu hiyo Baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Mama, kwa heshima, tangu nilipozaliwa. Siku ile aliniita wewe.

Niliomba msamaha. Nilisimama mbele ya mafundi wanne, mikono nyuma, nikasema, "Nisamehe, Baba Mdogo, nilikosea." Na yeye, kwa ukarimu wake wote uliosifiwa kwenye kijitabu, akanipapasa kichwa akasema amenisamehe. Nilitaka kumuuma ule mkono.

Lakini hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni la kwangu. Jumapili Mama alipiga simu kutoka hospitali. Baba alizungumza naye, kisha akanipa simu, na Baba Mdogo alikuwa amekaa hapo hapo akinywa chai. Mama aliuliza kama ninakula. Kisha sauti ya Nanjala ikaja, imechoka.

"Nyumba yangu inaendeleaje?"

Nilimtazama Baba. Nilimtazama Baba Mdogo.

"Inaendelea vizuri," nilisema.

Ningeweza kusema. Fremu zilikuwa bado zimeshikiliwa na vijiti, chokaa haijakauka. Mtu angezing'oa kwa siku moja. Mama angerudi kwa miguu kutoka Kisumu. Nilisema inaendelea vizuri, nikarudisha simu, na kuta zikaendelea kupanda vizuri kabisa, kozi kwa kozi ya tofali, mpaka linta, ile zege ya juu ya milango, mpaka mbao, mpaka mabati yanayong'aa hadi majirani wakasema yanawapofusha.

Mama na Nanjala walirudishwa siku ya kufungua nyumba. Baba alitaka wakute sherehe. Mchungaji alikuja, majirani wakaja, ingokho, kuku wa kienyeji, watatu wakachinjwa. Mbele ya nyumba palikuwa na ngazi tatu. Zilipakwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka zikateleza, na Baba Mdogo alisimama kando yake, na koti, kama bwana harusi.

Gari lilifika. Mama alishusha kiti, akamkalisha Nanjala, akamsukuma mpaka mbele ya nyumba, kisha akasimama. Watu waliimba. Nanjala alikuwa amekonda, macho makubwa. Aliangalia mabati, akatabasamu. Aliangalia madirisha. Halafu akaangalia chini, akaona ngazi.

"Mteremko uko wapi?" aliuliza.

Wimbo ulipungua nguvu. Baba Mdogo alipiga makofi.

"Karibu nyumbani, binti! Vijana, njooni mumbebe, aingie kama malkia."

Wanaume wawili walisogea. Mmoja alikuwa ameshaweka mkono chini ya goti lake.

"Usiniguse," Nanjala alisema.

Hakupaza sauti. Yule mtu akaondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto.

"Nanjala," Baba alisema, "wageni wanangoja."

"Nami nimengoja, Baba. Nitaingia kwa kiti au sitaingia."

Mchungaji, maskini, hakujua la kufanya, akaomba kutoka kwenye ngazi ya juu, akabariki milango na wote watakaopita ndani yake. Nasema kweli, aliomba hivyo. Kisha wageni wakaingia kula. Waliingia mmoja mmoja, wakipita kando ya kiti, wengine wakimwambia mtoto asiwe na kiburi siku ya furaha. Mama aliingia peke yake. Tulimwona kupitia dirishani akitembea koridoni. Aliweka mkono wake, kiganja wazi, katikati ya mlango wa chumba cha Nanjala, akapima kwa shubiri kama anavyopima kitambaa. Akatoka. Hakula. Alikaa chini kwenye nyasi karibu na gurudumu, amenyoosha miguu.

Mimi nilikuja na sahani ya nyama. Nanjala hakuichukua.

"Uliona?" aliniuliza.

"Niliona."

"Na ukasema?"

"Nilisema."

"Halafu?"

"Wakaniambia niombe msamaha."

"Ukaomba?"

Niliiweka sahani chini kwenye nyasi. Aligeuza kiti chake kidogo, kiasi cha kuniacha na mgongo. Kutoka ndani tulisikia kicheko cha Baba Mdogo na vijiko kwenye sahani.

Mama hakuhamia. Alirudi na sisi kwenye nyumba ya udongo siku ile ile na hakuvusha hata mwiko. Baba alikaa peke yake kwenye nyumba ya tofali, pamoja na viti vipya vilivyofunikwa vitambaa, na jioni alikuja kula kwetu kama mgeni, akabisha hodi. Mama alimpa chakula. Hakumpa neno. Baba Mdogo alizunguka akisema shemeji ameharibiwa na mji, kwamba wako wanawake ambao wangemshukuru Mungu kwa nyumba kama ile. Watu walimkubalia. Hilo nalo naliweka kwenye hasira yangu: walimkubalia, wote, na baadhi yao walikuwa hemani mwezi uliopita.

Jumapili ya tatu au ya nne, Baba alikuja mchana, tumetoka kanisani. Alikuwa amebeba ramani chini ya kwapa. Ilikuwa imechafuka, pembe zimekatika. Alinikuta nikiosha vyombo nje, akachuchumaa kando yangu, mtu mzima yule, mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Mama," aliniambia, "nifundishe kuisoma hii."

Nilielewa papo hapo. Hakuwahi kujua. Siku ile pale kwenye tofali, mbele ya mafundi, hakujua kitu, na badala ya kuniuliza alinifanya niseme mimi ndiye nimekosea. Alichagua aibu iwe yangu. Na sasa ameleta karatasi ile ile, wakati saruji imekuwa jiwe.

"Muulize Baba Mdogo," nilisema. "Yeye anajua kwa macho."

Nikaendelea kusugua sufuria. Nilitegemea kofi na nilikuwa tayari kwa kofi. Hakunipiga. Alikaa vile vile, amechuchumaa, na ramani magotini. Watu wameniambia kwamba mtoto hapaswi kumjibu mzazi hivyo na kwamba nilipokua ningejuta. Nimekua. Bado natafuta hayo majuto.

Ni Nanjala aliyemwita. "Baba, ilete huku."

Alikuwa kwenye kiti chake chini ya ukingo wa banda. Baba alienda, akapiga magoti kwenye vumbi na suruali yake ya kanisani, na Nanjala akaigeuza ramani mpaka ikakaa inavyopaswa kukaa. "Anzia hapa. Hii mistari miwili ni ukuta. Mahali imekatika, mtu anapita. Hii robo ya duara ni mlango ukifunguka." Alimfundisha polepole, bila kumcheka. Baba alirudia kila kitu kwa sauti, kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikosea koridoni, akarudi mwanzo. Walipofika kwenye chumba cha Nanjala, yeye akaondoa kidole chake, akamwacha Baba asome mwenyewe.

"Elfu moja," Baba alisema. Akasema tena. Kisha akauliza, "Na hiki kiduara cha vitone?"

"Ni mimi," Nanjala alisema. "Nikigeuka."

Baba akaikunja ramani. Kesho yake hakwenda kazini. Aliazima nyundo kubwa na patasi, na saa mbili asubuhi tukasikia mlio wa kwanza. Tulimbeba Nanjala kumpandisha zile ngazi, mara moja tu, na kwa ruhusa yake, Mama na mimi, kwa sababu alisema lazima awepo. Alikaa koridoni na ramani mapajani akamwongoza. "Linta iliyo juu usiiguse, Baba. Upande wa kulia peke yake. Bado." Tofali ziliruka. Baba alipima, akauliza imefika, naye akasema bado.

Baba Mdogo alikuja mbio, akakuta fremu yake ya kijani imelala uwanjani.

"Kaka! Unabomoa kazi yangu? Unaongozwa na mtoto?"

Baba hakuacha kupiga. "Ndiyo," alisema. "Kwa sababu yeye anasoma. Mimi na wewe hatusomi, Makokha. Mimi nimesema. Wewe utasema lini?"

Baba Mdogo alisimama pale, akaangalia chini, akafuta jasho ambalo hakuwa nalo. Hakusema. Aliondoka, na hakusema siku ile wala siku nyingine yoyote mpaka tulipomzika. Nanjala anadai alijutia kimoyomoyo, kwamba ndiyo maana alimletea miwa ya kutafuna kila msimu. Nanjala ni mtu mwema kuliko mimi.

Ngazi zilivunjwa juma lililofuata na mteremko ukajengwa, mkali mno mara ya kwanza, ukabomolewa, ukajengwa tena. Seremala alileta mlango mpya wa chumba, mpana, wa mbao za mkuyu. Hapo ndipo Nanjala alipoondoka mbele ya nyumba ya udongo kwa magurudumu yake, akavuka uwanja, akapanda mteremko akihema, hakutaka kusukumwa, akapita mlango wa mbele, akapita koridoni. Sisi tulimfuata nyuma, Baba na Mama na mimi, kama watu wanaomsindikiza bibi harusi. Alifika kwenye mlango wake. Vidole vyake vilipita bila kugusa mbao. Akaingia, akageuka akatutazama sisi watatu tuliosimama koridoni, kila mmoja na lake usoni.

"Asanteni," alisema, akaufunga mlango.

Tulisikia komeo likiingia kwa ndani. Tulibaki pale. Baba aliinua mkono abishe hodi, ukakaa hewani kidogo, kisha akaushusha.